Amana Juu ya Tandiko: Mwongozo kwa Kijana wa Unyamwezi Atakaye Kuwa Joki

Katika kazi zote ambazo kijana wa Tabora aweza kuzitamani, yamkini hakuna iliyo mbali na macho yake kuliko kazi ya kupanda farasi wa mashindano. Kwani mtu aweza kuzaliwa Ng'ambo au Cheyo, akasoma, akaoa na akazeeka chini ya miembe ya mji ule, asimwone farasi hata mmoja ila katika picha. Hata hivyo hutokea mara kwa mara, katika kila mji wa bara, kijana mwepesi wa mwili na mpole wa mikono ambaye wanyama humsikiliza kuliko wawasikilizavyo wenziwe, naye moyo wake umeelekea huko. Na kwa kuwa hana wa kumwuliza, hukaa na tamaa yake kimya mpaka ikafa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi wake ambao watataka kujua, kabla ya kutoa idhini, kazi hii ni kazi gani, inajifunzwa wapi, ina faida gani na ina hatari gani.

Jambo ninalotaka alishike mwanzo hata mwisho ni moja: joki ni mchukuzi wa amana. Farasi si wake bali ni wa tajiri. Rangi anazovaa siku ya mbio si zake bali ni za mwenye farasi yule. Jasho lililomfanya mnyama awe na nguvu limetoka kwa mkufunzi na saisi. Na kilicho chake yeye ni mikono yake, uzito wake na ukweli wake tu. Asiyeweza kuchukua mali ya watu kwa uaminifu na kuifikisha salama, hata angekuwa na mwili mwepesi namna gani, hana nasibu katika kazi hii.

Kwa nini nchi yako haina farasi

Usije ukadhani kwamba babu zako walikosa farasi kwa uhaba wa maarifa. Njia kuu ya misafara, iliyoanza Bagamoyo ikapanda mpaka Mpwapwa, ikavuka Ugogo na ile nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji, ilipita katika nchi ambayo maradhi yake hayakumsaza farasi. Mwaka 1871, Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili wakamfia mahali paitwapo Kingaru, mmoja nyuma ya mwenziwe katika muda usiotimia siku moja, ilhali Unyanyembe ingali mbali sana mbele yake. Na juu ya hasara hiyo, jumbe wa mahali pale akamdai nguo, kwa sababu mzoga wa mmoja wao ulikuwa umezikwa katika ardhi yake pasi na ruhusa.

Maradhi yenyewe yalikuwa mengi, lakini mawili ndiyo makuu, na yakupasa uyajue kwa kuwa utakutana na khofu yake katika kila banda utakalofanyia kazi. La kwanza ni nagana, iletwayo na vijidudu ambavyo mbung'o huvitia katika damu ya mnyama. Aliyevigundua ni David Bruce, tabibu wa jeshi la Kiingereza, katika nchi ya Wazulu mnamo mwaka 1895, na baadaye, wakati wa utawala wa Kiingereza katika Tanganyika, Shinyanga, jirani yako wa kaskazini, ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya uongozi wa C. F. M. Swynnerton. La pili ni ile homa ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na usubi, wadudu wadogo mno ambao huuma hasa tangu machweo mpaka macheo. Na hii ndiyo sababu farasi wengi wa nchi zetu huingizwa bandani kabla ya magharibi, na huchanjwa kila mwaka kwa hesabu isiyosahauliwa.

Kwa hiyo mizigo ya njia ile ikaangukia bega la mwanadamu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa masharti yaliyopatanwa mbele, kwa posho na kwa ujira maalumu, akapita nazo miezi katika jua na njaa. Na kilichowafanya matajiri wa pwani wamtafute yeye kuliko wengine si nguvu zake peke yake, bali ni kwamba mzigo wa watu ulifika. Kijana wa Unyamwezi atakaye kuwa joki hana haja ya kudhani kwamba anaingia katika jambo lisilo na asili kwake. Farasi ni mgeni katika nchi yake, lakini fadhila ambayo kazi ya farasi inaitaka ni ile ile iliyowapa wazee wake heshima tangu Bagamoyo mpaka Ujiji.

Jipime kabla ya kupimwa

Katika mbio za uwanda, yaani zisizo na viunzi, ambazo ndizo zikimbiwazo Kenya, kila farasi hupangiwa uzito wa kuchukua, aghalabu kati ya kilo 50 na 62, na ndani ya hesabu hiyo huingia joki mwenyewe, mavazi yake na tandiko lake. Joki akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi hutiwa katika mifuko ya kitambaa kilicho chini ya tandiko mpaka mizani itimie. Lakini akiwa mzito kupita kiasi, hakuna dawa, bali farasi yule hupewa mtu mwingine. Hivyo basi, mtu mzima atakaye kula kwa kazi hii imempasa awe na uzito wa kilo 48 hadi 54 hivi, tena awe nao kwa maumbile yake, siyo kwa kujitesa.

Kijana wa miaka 15 mwenye kilo 40 asifurahi upesi. Na amtazame baba yake, na wajomba zake wa upande wa mama. Autazame na ukubwa wa nyayo zake mwenyewe, kwani mifupa hutangulia kutoa khabari. Akiona dalili kwamba atakuwa mrefu na mpana, asivunjike moyo, kwa maana zizi la farasi lina kazi nyingi za heshima nitakazozitaja mbele. Lakini asiingie katika vita na mwili wake, maana vita hiyo haina mshindi.

Aende kwa tabibu, apimwe moyo, macho, mapafu na mgongo, na achanjwe chanjo ya pepopunda, kwa sababu viini vya maradhi hayo hukaa katika udongo na samadi ya farasi, na kidonda kidogo cha mkononi chatosha kuviingiza. Kisha amalize kidato cha nne. Mkufunzi huandika maagizo yake, hati za kazi huandikwa kwa Kiingereza, na joki asiyejua hesabu hataweza kujua kama ujira aliolipwa ndio aliostahili.

Anza na punda

Huna farasi, lakini punda unaye. Tangu zamani njia ya misafara ilijua punda wa Maskati, mweupe na mrefu, ambaye waungwana walimpanda, na ilijua kadhalika punda wa Kinyamwezi, mdogo na mvumilivu. Na hata leo, kuanzia Nzega mpaka Shinyanga, utamkuta punda akivuta mkokoteni wa maji na wa magunia. Mwombe mwenye punda umtumikie mnyama wake asubuhi na jioni, bila ujira kama hapana budi, kwa muda wa mwaka mzima. Na katika mwaka huo usiwe na haraka ya kumpanda, bali jifunze kumtunza.

Nitakupa somo moja kwa ukamilifu, ili uone namna kazi hii inavyotaka uangalifu. Msogelee mnyama kwa upande wa kushoto, penye bega, ukisema naye kwa sauti ya chini. Usimjie kwa nyuma hata siku moja. Weka kiganja begani, ukishushe polepole juu ya mguu, mpaka goti, mpaka nyuma ya muundi ambako mishipa mikubwa imesimama kama kamba. Hapo tulia, ulinganishe joto la mguu huu na la mguu wa pili, kwani joto ndilo la kwanza kutoa khabari kwamba mshipa umeumia, siku moja au mbili kabla mnyama hajaanza kuchechemea. Kisha bana kidogo juu ya kifundo, naye ataunyanyua mguu. Ushike ukwato katika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia uusafishe kwa kijiti butu, ukitoka kisiginoni kwenda kwenye ncha, ukitoa udongo na vijiwe, lakini usiichokoe ile nyama laini yenye pembe tatu iliyo katikati. Ukilifanya jambo hili kila siku kwa kwato zote nne, baada ya miezi michache mkono wako utakuwa umejua kitu ambacho hakuna kitabu kiwezacho kukufundisha. Na siku utakapoingia katika banda la farasi, mkufunzi atakutambua kwa namna unavyoinama.

Katika habari ya kupanda, yako mashindano ya punda yaliyo mashuhuri katika Lamu, ambayo hufanywa siku za Maulidi na siku za tamasha la utamaduni, na wapandaji wake ni vijana ambao punda ndio kazi yao ya kila siku. Tena mji ule una hospitali ya punda tangu mwaka 1987. Watazame vijana wale ukipata nafasi, kwa ajili ya utulivu wao na namna wanavyomwongoza mnyama kwa uzito wa mwili, pasi na tandiko. Lakini tambua hitilafu moja kubwa: wao huketi nyuma kabisa, juu ya nyonga za punda, na joki wa farasi haketi hata kidogo. Yeye husimama juu ya vikuku vifupi, magoti yamekunjwa, mgongo umelala sawa na mgongo wa farasi, na uzito wake wote u juu ya mabega ya mnyama, ambapo humwelemea kwa uchache. Mtindo huu ulipata sifa Uingereza mwaka 1897 kwa kazi ya Mmarekani Tod Sloan, na ingawa watu walimcheka kwanza, baada ya miaka michache hapakuwa na joki aliyeshinda kwa mtindo wa zamani.

Mtindo huo waweza kuufanyia mazoezi nyumbani kwenu. Funga kamba mbili katika shina la mwembe, panda juu ya ubao ulioinuliwa kwa matofali, simama kwa sehemu ya mbele ya nyayo, kunja magoti, laza mgongo, kisha shika kamba zile kama hatamu, pasipo kuzivuta wala kujiegemeza juu yake. Baki hapo dakika moja. Ongeza kidogo kila juma, mpaka utimize dakika tatu bila kutetemeka. Mbio ya mita 1,600 huchukua dakika moja na nusu na ziada kidogo, na ile ya mita 2,400 huchukua kiasi cha dakika mbili na nusu. Mwenye miguu inayochoka kabla ya farasi wake humwangukia mgongoni katika mita za mwisho, wakati ule ule ambapo mnyama anauhitaji mno wepesi wake.

Safari ya Nairobi

Mahali palipo karibu ambapo kazi hii inafanywa kwa taratibu zake zote ni uwanja wa Ngong, katika Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954 na unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya, chama ambacho ndicho kitoacho leseni kwa wakufunzi na majoki. Kabla ya hapo uwanja wa mbio wa mji ule ulikuwa upande wa Kariokor, na barabara iliyobaki na jina la uwanja bado ipo. Na jina la Kariokor lenyewe, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka Tabora utapita Nzega, Singida, Babati na Arusha, uvuke mpaka Namanga. Chukua pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wala usifanye kazi ya siri: Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewapa wananchi wa nchi hizi haki ya kutafuta kazi kwa jirani, lakini haikuondoa wajibu wa kupata kibali.

Usiondoke nyumbani kwa kubahatisha. Andika kwanza barua kwa chama, uulize ni wakufunzi gani wanaopokea vijana, na utaje umri wako, uzito wako, urefu wako, elimu yako na kazi uliyoifanya kwa punda. Ambatisha barua ya mwenye punda na ya mwalimu wako. Barua ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa unyofu, ina uzito kuliko maneno mengi ya mtu aliyesimama langoni.

Tena ufike ukiwa tayari kuwa saisi. Majoki wengi wa nchi zetu walianzia hapo, wala hapana aibu ndani yake. Saisi huamka ingali giza; hutoa samadi, hubadilisha matandiko ya nyasi, hupima chakula, hutazama kama cha jana kimeliwa chote, humsugua farasi kwa brashi, na baada ya mazoezi ya alfajiri humtembeza taratibu mpaka pumzi itulie na jasho likauke. Jifunze kumhesabia mapigo ya moyo chini ya taya: farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika, na joto la mwili wake huwa kati ya digrii 37.5 na 38.5. Saisi aletaye khabari kwa mkufunzi kwamba farasi fulani amebakiza chakula na mapigo yake yamepanda, ameokoa mali ya watu. Na huyo ndiye atakayeitwa siku moja apande mazoezi.

Daraja za kazi

Baada ya usaisi huja upandaji wa mazoezi, ambapo kijana hujifunza kwenda kwa mwendo wa kawaida, kwa telki na kwa shoti, na jambo gumu kuliko yote, yaani kuijua saa bila saa: mkufunzi akisema mita 200 ziishe katika sekunde 15, ziishe katika 15, si katika 13. Kisha huja uanagenzi, kwa leseni na chini ya mkufunzi mmoja mwenye dhamana. Mwanagenzi hupunguziwa uzito, ili wenye farasi wapate sababu ya kumwamini asiye na sifa bado. Nchini Uingereza, mathalan, hupunguziwa ratili 7, yaani kilo tatu na kidogo, mpaka ashinde mara 20, kisha ratili 5 mpaka mara 50, kisha 3 mpaka mara 95, na baada ya hapo huwa joki kamili asiye na fadhila ya mtu.

Katika bara letu, chuo chenye sifa kubwa ni South African Jockey Academy, kilichoko Summerveld karibu na Durban, ambacho mafunzo yake yamekuwa ya miaka mitano, elimu ya darasani na ya zizi kwa pamoja. Huko ndiko alikotoka S'manga Khumalo, kijana wa KwaZulu ambaye mwaka 2013 alimpanda Heavy Metal akashinda Durban July, akawa joki Mwafrika mweusi wa kwanza kuishinda mbio ile kubwa. Namtaja kwa sababu wako watakaokuambia kwamba kazi hii si ya watu wetu. Waambie kwamba mbio ya kwanza ya Kentucky Derby, mwaka 1875, ilishindwa na Oliver Lewis, mtu mweusi, na kwamba katika majoki 15 wa siku ile, 13 walikuwa weusi.

Wala si kazi ya wanaume peke yao. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, alipata leseni ya ukufunzi wa farasi nchini Kenya angali msichana. Michelle Payne alishinda Melbourne Cup mwaka 2015, na Rachael Blackmore alishinda Grand National ya Uingereza mwaka 2021, na wote wawili walikuwa wanawake wa kwanza kufanya hivyo. Farasi hamwulizi aliye juu yake kama ni mume au mke. Huuliza kama mkono unaoshika hatamu ni mwepesi.

Siku ya mbio

Joki huingia katika chumba cha mizani akiwa na tandiko lake, hupimwa mbele ya msimamizi, kisha huenda uwanjani kupokea maagizo ya mkufunzi. Yapokee kwa adabu na kwa maneno machache. Ukimaliza mbio katika nafasi za zawadi, utarudi kwenye mizani ile ile na tandiko lile lile. Na uzito ukipungua kuliko ulivyokuwa, farasi wako huondolewa katika ushindi, hata angekuwa amewaacha wenziwe mbali.

Katikati ya mizani hizo mbili pana dakika chache za kwenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, juu ya mnyama wa kilo 450 au zaidi, katikati ya wengine kumi. Shika njia yako iliyonyoka. Usimkate mwenzio mbele, kwa kuwa kwato za farasi wake zikigusana na za wako huenda mkaanguka wote na walio nyuma. Mjeledi utumie kwa uchache. Kanuni za nchi nyingi sasa huhesabu mapigo, na joki apitishaye hesabu hutozwa faini au hufungiwa. Aliyemtunza punda mwaka mzima hataona uzito katika kanuni hiyo.

Na hapa ndipo amana hujaribiwa. Atakuja mtu mwenye maneno matamu akitaka kujua kama farasi fulani yu mzima, au akitaka umzuie farasi wako asishinde, naye atakupa fedha nyingi kuliko ujira wako wa mwezi. Kanuni za mashindano humkataza joki kuweka dau, na kuuza siri za zizi, na kumzuia farasi. Na adhabu yake ni kunyang'anywa leseni. Mwislamu anajua zaidi ya hapo, kwamba wanazuoni wameihalalisha zawadi ya mbio za farasi kwa masharti yake na kwamba kamari wameiharamisha. Basi na akae upande wa zawadi. Isaac Murphy, Mmarekani mweusi aliyeishinda Kentucky Derby mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891, alisifika kwa uaminifu wake sawasawa na ufundi wake, na mpaka leo sifa hizo mbili hutajwa pamoja.

Siha, fedha na hatari

Lakini Murphy huyo huyo ni onyo pia. Kila msimu alijinyima chakula ili ashushe uzito, mwili ukadhoofika, na mwaka 1896 homa ya mapafu ikamwua akiwa na miaka 35. Usikae katika mvuke ukijitoa jasho, usinywe dawa za kuharisha, usijinyime maji. Mwenye kiu huona polepole na huamua polepole, na figo zikiharibika hazirudi. Kula kidogo kidogo na kwa wakati: maharage, samaki, mayai, mboga, uji wa ulezi, na asali kidogo, ambayo Tabora haikosi. Acha vitumbua, mafuta mengi na soda.

Utaanguka. Kila joki huanguka, na ndiyo maana gari la wagonjwa hufuata mbio kwa nyuma. Usipande bila kofia ngumu na fulana ya kinga hata katika mazoezi ya dakika mbili. Na ukipigwa kichwa, usirudi juu ya farasi mpaka tabibu akuruhusu, hata kama mkufunzi ana haraka na wewe waona u mzima.

Ujira wa joki ni wa namna mbili: ada ya kila mbio, na sehemu ya zawadi akishinda, ambayo katika nchi nyingi hukaribia asilimia 10. Majoki wachache hutajirika. Wengi huishi maisha ya wastani, na msimu ukifungwa mapato hukatika. Weka akiba kutoka ada ya kwanza, kata bima, na usimwachie mtu mwingine hesabu zako.

Mwisho wa tahadhari ni khabari ya Ghuba. Nchi zile zina mapenzi ya kale na farasi; hata Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, meli yake Sultana ilipofika New York mwaka 1840, alimpelekea rais wa Marekani farasi wawili wa Kiarabu miongoni mwa hidaya. Kazi za halali katika mazizi ya Oman na Imarati zipo, lakini madalali wa uongo wapo vile vile. Kwa miaka mingi watoto wadogo kutoka nchi maskini walipelekwa huko kupanda ngamia wa mbio, wakaumia na wengine wakafa, mpaka mwaka 2005 Imarati na Qatar zilipopiga marufuku jambo hilo na mashine zikashika nafasi yao. Mzazi asimtoe mtoto kwa ahadi ya mdomo. Mtu mzima asipande ndege bila mkataba aliousoma, na bila ubalozi wetu kujua aendako.

Asiyekuwa joki, na aliyekwisha kuwa

Wengi wataingia katika njia hii na wachache watafika mwisho wake. Aliyekua akawa mzito aweza kuwa mkufunzi, au fundi wa kupiga kwato njumu, au msimamizi wa mizani, au mganga wa wanyama. Na kwa hilo la mwisho njia yake iko nyumbani, kwa kuwa chuo cha mifugo kipo Mpwapwa, juu ya njia ile ile ya misafara, na shahada ya utabibu wa wanyama hutolewa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Joki naye aliyefika miaka arobaini mwili umechoka, akiwa ametunza jina lake, hatakosa zizi la kumpokea. Na akiwa amelipoteza, ushindi wake wote hautamsaidia kitu.

Basi fanya mambo haya katika mwaka huu. Zungumza na wazazi wako wazi, uwasomee na kurasa hizi. Nenda kwa tabibu. Mtafute mwenye punda, umpe neno lako, ulitimize. Funga zile kamba kwenye mwembe. Usiache shule. Na ikiwa mwaka utapita, mvua na kiangazi, nawe bado waamka kabla ya kuamshwa ili ukatazame kwato za mnyama asiye wako, andika ile barua, na wakikujibu, kata tiketi.